Sheria Iliyoishia Kapuni: Barua ya Wazi kwa Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani

Houston, Texas
Desemba 2025

Waheshimiwa Majaji,

Tarehe 10 Novemba mwaka huu mlisikiliza kesi ya Damon Landor dhidi ya Idara ya Magereza ya Louisiana. Hukumu bado hamjaitoa, na kabla hamjaitoa nina maneno. Nakala ya barua hii nawapelekea pia maseneta na wawakilishi wetu katika Kongresi, maana ninyi mkisema hapana, wao ndio watakaobaki na kazi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Hapa Houston tuko wengi tunaoishi kwa lugha hii, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na karibu kila nyumba ina jambo lake la dini ambalo askari mkorofi anaweza kulichezea: huyu hijabu, yule kofia ya sala, mwingine hasalimu bendera, mwingine ana siku zake za kufunga. Kesi hii inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani, na wengi wetu hatujaisikia. Ninyi hamtakosa wa kuwatafsiria.

Kwa wasioijua, mambo yalikwenda hivi. Landor ni Mrasta. Aliweka nadhiri ya Mnadhiri, ile ya Kitabu cha Hesabu sura ya 6, ile ile aliyokuwa nayo Samsoni, kwamba wembe hautapita kichwani mwake. Kwa karibu miaka ishirini hakukata nywele, zikamfika karibu na magoti. Mwaka 2020 akafungwa miezi mitano. Magereza mawili ya kwanza yalimwachia nywele zake bila ugomvi. Zilipobaki wiki tatu tu atoke, akahamishiwa gereza la Raymond Laborde, huko Cottonport. Alikuwa amejiandaa. Alibeba nakala ya hukumu ya mwaka 2017, ambayo Mahakama ya Rufaa ya Tano, inayosimamia Louisiana, Mississippi na hapa kwetu Texas, iliamua kwamba magereza ya Louisiana hayana haki ya kumlazimisha Mrasta kunyoa.

Askari wa mapokezi aliipokea karatasi ile akaitupa kwenye kapu la taka. Akaitwa mkuu wa gereza, naye akamtaka Landor atoe barua ya hakimu aliyemfunga, yenye kuthibitisha imani yake. Landor akasema wakili wake anaweza kuileta. Akajibiwa kwamba muda umeshapita. Askari wawili wakampeleka chumba kingine, wakamfunga kwa pingu kwenye kiti, wakamshikilia, wakamnyoa kipara.

Haya ni maelezo ya Landor mwenyewe, na kwa sababu kesi ilitupwa mapema, kabla ushahidi haujasikilizwa, sheria inataka yachukuliwe kuwa kweli kwa sasa. Lakini hata upande wa pili hakuna aliyejitokeza kusifu kitendo hicho. Majaji wa rufaa waliomnyima haki nao walikilaani. Jimbo la Louisiana, lililokuja mbele yenu kupinga asilipwe, nalo limekilaani kwa maneno makali na kusema limeshabadilisha utaratibu wake. Kila mtu analaani. Kila mtu anakubali kwamba sheria ilivunjwa. Kinachobishaniwa ni kama aliyeivunja atatoa hata senti moja.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2000, na ilipita Kongresi bila pingamizi. Inasema serikali isimtwishe mfungwa mzigo mkubwa katika dini yake, isipokuwa kwa sababu nzito sana, na kwa njia isiyoumiza zaidi ya inavyolazimu. Aliyevunjiwa haki hiyo anaweza kwenda mahakamani kutafuta nafuu inayostahili dhidi ya serikali. Neno "serikali" sheria hiyo imelifafanua yenyewe: ni pamoja na ofisa, na mtu mwingine yeyote anayetenda kwa mamlaka ya jimbo. Sijui ni namna gani nyingine askari mwenye sare na mashine ya kunyolea mkononi angetajwa.

Sheria hiyo ina dada yake mkubwa, ya mwaka 1993, inayoibana serikali kuu. Nafuu inayostahili inatajwa humo kwa maneno yale yale. Mwaka 2020 mliulizwa maana yake. Waislamu watatu walidai kwamba maofisa wa FBI waliwataka wawapeleleze Waislamu wenzao, walipokataa wakabaki kwenye orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege. Mliamua kwa kauli moja, majaji wanane (Jaji Barrett hakushiriki, alikuwa ndiyo kwanza ameingia), kwamba wanaweza kuwadai fidia maofisa wale binafsi, kutoka mifukoni mwao. Jaji Thomas ndiye aliyeandika. Alieleza kwamba kuna madhara ambayo dawa yake ni fedha tu. Akatoa mfano wa mali ya ibada iliyokwisha kuharibiwa, na wa wazazi wa Kihmong, jamii ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao mwili wa mtoto wao ulipasuliwa kwa uchunguzi kinyume cha imani yao. Mwili uliokwisha kupasuliwa hauwezi kuwekewa zuio la mahakama.

Na nywele je? Maji yakimwagika hayazoleki. Landor alitoka gerezani wiki chache baadaye, akiwa na kipara. Zuio la mahakama hutazama mbele: linamkataza askari asifanye kesho. Kwa mtu aliyekwisha kunyolewa, na aliyekwisha kutoka, hakuna kesho ya kuzuiwa. Jimbo lenyewe hawezi kulidai fedha, kwa kuwa mlango huo mliufunga mwaka 2011 mliposema kwamba majimbo hayakukubali waziwazi kudaiwa fidia chini ya sheria hii. Kilichobaki ni mlango mmoja tu, ule wa askari na mkuu wa gereza wao wenyewe, na huo ndio Mahakama ya Rufaa ya Tano imeufunga. Ukibaki umefungwa, aliyeonewa ataondoka na laana tu alizolaaniwa aliyemwonea.

Mlishawahi kufikishwa kwenye njia panda kama hii, tena katika kesi iliyogusa uhuru wa kusema na uhuru wa dini kwa pamoja. Chike Uzuegbunam alikuwa mwanafunzi katika chuo cha umma kule Georgia. Mwaka 2016 alisimama nje ya maktaba akigawa vijitabu vya imani yake na kuzungumza na wenzake. Akaambiwa hapo hapasemwi; kuna maeneo mawili maalumu ya kusemea, tena kwa miadi. Maeneo hayo yote mawili yalikuwa asilimia 0.0015 ya eneo la chuo. Akaomba kibali, akapata, akaenda kusimama pale pale alipoelekezwa. Polisi wa chuo wakaja wakamnyamazisha hata hapo, kwa kuwa watu walilalamika. Alipofungua kesi, chuo kilianza kwa kujitetea kwamba maneno yake yalikuwa ya uchochezi, kisha kikageuka, kikafuta utaratibu ule na kusema basi, yameisha, hakuna kesi tena. Na yeye alikuwa ameshahitimu. Mahakama za chini zikakubaliana na chuo.

Ninyi mkakataa. Machi 2021, majaji wanane dhidi ya mmoja, mlisema kwamba haki ikivunjwa kuna dhara, hata kama dhara hilo halina bei, na kwamba kuomba dola moja tu kunatosha kuifanya kesi iendelee kuishi. Mlirudi nyuma karne kadhaa katika sheria za Kiingereza kuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Jaji Mkuu Roberts peke yake ndiye aliyeandika kupinga. Mimi niliposoma hukumu ile nilifurahi, ingawa mahubiri ya kijana yule huenda nisingeyapenda.

Sasa ziwekeni kesi hizi mbili pamoja. Chuo cha Georgia kilibadilisha utaratibu baada ya kushtakiwa. Louisiana nayo imebadilisha. Mwanafunzi alikuwa ameshaondoka chuoni. Mfungwa naye ameshaondoka gerezani. Wa kwanza alinyamazishwa, na akitaka anaweza kurudi kusema leo jioni. Wa pili alishikiliwa kwenye kiti, na miaka karibu ishirini ya nadhiri yake ikafagiliwa sakafuni. Wa kwanza ana dola yake. Wa pili hana hata haki ya kuiomba.

Najua mwanasheria atanijibu kwamba mwanafunzi alitumia sheria nyingine, ile ya mwaka 1871 iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe, lilipokuwa likiwaua watu weusi huku wakuu wa majimbo wakitazama pembeni. Sheria hiyo inamruhusu yeyote aliyevunjiwa haki ya Katiba na ofisa wa jimbo kumdai fidia. Basi Landor naye si aitumie? Anaweza kujaribu, lakini atakuta Katiba yenyewe, kwa mfungwa mwenye dini, mmeshaikondesha. Mwaka 1987 wafungwa Waislamu wa New Jersey waliomba wahudhurie sala ya Ijumaa. Mahakama yenu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema gereza likiwa na sababu ya kuridhisha kiasi, inatosha. Mwaka 1990 ikafuata kesi ya waumini wa Kanisa la Wamarekani Wenyeji waliofukuzwa kazi kwa kutumia peyote, mmea wa kulevya, katika ibada yao, na Jaji Scalia akaandika kwamba sheria ikiwa ya jumla na haikumlenga mtu, dini haimwokoi anayeivunja. Nchi nzima ikashtuka, kulia na kushoto. Ndiyo maana Kongresi ilitunga sheria ya 1993, Seneti ikipiga kura 97 kwa 3, na mlipoikata mwaka 1997 isiyafikie majimbo, ikaja hii ya 2000. Yaani sheria ya Landor ilizaliwa kuziba shimo lililochimbwa na mahakama yenu. Kumwambia arudi akajaribu Katiba ni kumrudisha shimoni.

Kuna jambo la wakati ambalo linanisumbua zaidi kadiri ninavyozisoma kesi zenu. Mwaka 2023 mlimlinda mbunifu wa tovuti wa Colorado ambaye hakutaka kutengeneza tovuti za harusi za watu wa jinsia moja. Wakati anafungua kesi alikuwa hajatengeneza tovuti ya harusi hata moja, na jimbo lilikuwa halijamgusa. Mlisema hofu yake inatosha, na uhuru wake wa kusema ukalindwa kabla ya tukio lolote. Sitaki kuingia kama alistahili kushinda au la. Nasema tu kwamba kwake hamkuona kuwa amewahi mno.

Mwaka 2019 kule Alabama, Domineque Ray, Mwislamu aliyehukumiwa kifo, aliomba imamu wake awe naye chumbani atakapodungwa sindano. Gereza lilikuwa na kasisi wake Mkristo aliyeruhusiwa kuingia, na imamu hakuruhusiwa. Mahakama ya rufaa ilisimamisha hukumu ya kifo. Ninyi, watano dhidi ya wanne, mkaiondolea kizuizi kwa hoja kwamba alifungua kesi akiwa amechelewa, na akafa usiku ule imamu akiwa upande wa pili wa kioo. Jaji Kagan aliandika kwamba mmekosea vibaya. Mwezi uliofuata mkasimamisha kifo cha Mbudha wa Texas aliyeomba jambo lilo hilo, na mwaka 2022 mkaamua wazi, wanane dhidi ya mmoja, kwamba mchungaji anaweza kuingia, akamwekea mkono anayekufa na kumwombea kwa sauti. Mlijirekebisha, nawapa haki yenu. Ray hakuwepo kuyaona.

Hivyo mwenye wakili, tena aliyejua mapema kitakachompata, amelindwa. Mfungwa wa Arkansas aliyetaka ndevu za nusu inchi alishinda kwa kauli moja mwaka 2015, kwa sababu alikuwa bado yumo gerezani na ndevu zilikuwa bado hazijapita kwenye wembe. Wazazi wa Maryland, Waislamu na Wakristo, wakiwemo Waorthodoksi wa Ukraine, walishinda Juni mwaka huu kwa kuwa watoto wao walikuwa bado shuleni na vitabu walivyovipinga, vya mapenzi ya jinsia moja, vilikuwa bado vitasomwa. Lakini magereza hayatoi taarifa ya siku mbili kabla ya kumnyoa mtu. Yanamnyoa. Kama haki ni ya anayewahi tu, basi gereza limeshaelewa la kufanya: lifanye haraka.

Nimesoma hoja ya Louisiana, nayo si ya kipuuzi. Wanasema sheria ya 2000 ni kama mkataba. Serikali kuu inatoa fedha, jimbo linazipokea, na kwa kuzipokea linakubali masharti. Askari hakusaini mkataba huo wala hakupokea fedha hizo, kwa hiyo hawezi kudaiwa kwa ahadi aliyotoa mwingine. Waliofuatilia mazungumzo yenu ya Novemba wanasema wengi wenu mlielekea huko. Wala siwafichi wasomaji wangu kwamba mahakama za rufaa zilizokwisha kuulizwa swali hili zimejibu kama Louisiana, nyingi kabla ya hukumu yenu ya 2020.

Lakini mwaka 2004 mlisikiliza kesi ya mfanyabiashara wa Minneapolis aliyeshtakiwa kumhonga diwani. Serikali kuu ilimshtaki kwa sheria inayolinda taasisi zinazopokea fedha zake. Yule mfanyabiashara hakuwa amepokea fedha hizo, hakuwa mtumishi wa jiji, wala hakuwa amesaini chochote. Mlisema Kongresi ina haki ya kuzilinda fedha zake zisiharibiwe na mtu yeyote aliye njiani. Ikiwa mtu wa nje kabisa anaweza kufungwa jela kwa nguvu ya mkataba asiousaini, inakuwaje askari anayelipwa mshahara na gereza lile lile, anayevaa sare yake na kutumia pingu zake, asiweze kudaiwa hata dola? Askari huyu si mpita njia. Bila cheo alichopewa na jimbo asingeweza hata kumgusa Landor.

Kuna wanaohofia kwamba leo mkimbana askari jela, kesho kila mwalimu na kila muuguzi wa taasisi inayopata ruzuku atadaiwa binafsi. Jibu limo ndani ya sheria yenyewe. Sheria nyingi za ruzuku zinazungumzia programu au taasisi tu. Hii imemtaja mtu. Mkisoma maneno yaliyoandikwa, kama mnavyotuhubiria kila mwaka kwamba ndiyo kazi yenu, hofu hiyo haina pa kuegemea.

Nyingine ni kwamba askari wataogopa kazi, na magereza tayari hayana watu. Hili nalielewa, nina jamaa katika kazi hiyo, na mshahara wake ni wa kulia nao. Ila ofisa wa umma ana kinga yake: hadaiwi mpaka ionekane kwamba haki aliyoivunja ilikuwa imeshawekwa wazi na mahakama. Mfungwa naye, tangu sheria ya mwaka 1996, hawezi kwenda mahakamani mpaka amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Atakayepenya vizuizi hivyo vyote ni yule aliyefanyiwa jambo ambalo kila mtu alijua haliruhusiwi. Na katika kesi hii haki haikuwa wazi tu, ilikuwa imechapwa kwenye karatasi na kuwekwa mkononi mwa askari. Kama kuna askari mmoja katika nchi hii asiyeweza kusema "sikujua", ni huyo.

Nitawapa mfano wa fedha zinavyofundisha. Polisi wa New York walikuwa wakiwavua wanawake Waislamu hijabu ili wawapige picha ya kituoni. Wanawake walioshtaki walieleza aibu ya kukaa kichwa wazi mbele ya wanaume wasiowajua, na picha zikabaki kwenye kumbukumbu za polisi. Mwaka 2020 utaratibu ukabadilishwa, na mwaka 2024 jiji likakubali kulipa dola milioni 17.5 kwa waliovuliwa. Mkuu wa kituo chochote katika nchi hii akisikia hesabu hiyo atawaita vijana wake awape maelekezo. Akisikia kwamba kuna mahali walilaaniwa tu, atapindua ukurasa wa gazeti.

Mara kwa mara huwa nawasaidia majirani kusoma barua za serikali. Mwaka huu mama mmoja wa Bukavu, ambaye mwanawe yuko mahabusu, alinijia na swali la kofia. Kijana amesilimu, anataka kuvaa kofia yake ya sala, na askari wa zamu wanaitwaa mara kwa mara. Nikamweleza: mama, sheria ipo, tena nzuri, ni ya mwaka 2000. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na kama wanaivunja, ndugu yangu, itakuwa namna gani?" Nikamwambia aandike malalamiko, akijibiwa vibaya akate rufaa ndani ya gereza, baadaye atafute wakili. Akahesabu kwa vidole. Mwanawe atakuwa ametoka kabla hata jibu la kwanza halijafika. "Basi wakifanya haraka, hakuna," akasema. Mama huyo hajasoma sheria popote.

Na sisi tulioacha kwetu tukaja huku tukiambiwa kwamba ndiyo nchi ya uhuru wa dini, tunatazama kwetu pia. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilimsikiliza binti wa Kirasta aliyefukuzwa katika shule ya sekondari ya Kibra kwa sababu ya nywele zake, na Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na arudi darasani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 23, inataja fidia waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kumpa aliyevunjiwa haki. Simaanishi kwamba Kenya hakuna askari wakorofi. Aliyepita kituo chochote cha polisi Nairobi anajua. Lakini fidia imeandikwa, na hakimu hana haja ya kuitafuta kwa darubini.

Kwa Louisiana nina la kando. Jimbo hili mwaka 2024 lilitunga sheria kwamba kila darasa la shule za umma libandikwe Amri Kumi, kwenye bango la inchi 11 kwa 14 au zaidi. Texas nasi tumetungiwa ya kwetu mwaka huu. Mabango hayo bado yako mahakamani, na walioyatetea wanasema wanaiheshimu Biblia kama msingi wa sheria. Amri Kumi ziko katika Kitabu cha Kutoka. Nadhiri ya Mnadhiri iko katika Hesabu, vitabu viwili tu mbele. Jimbo linalotaka watoto wetu wasome ukurasa mmoja kila asubuhi lilimnyoa mtu aliyekuwa akiuishi ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho, kisha likatuma mawakili Washington kuhakikisha halipwi. Uungwana ungekuwa kumlipa mwaka 2021 na kuomba radhi, tusifike huku.

Mahakama yenu inajua kujisahihisha haraka inapotaka. Mwaka 1940 ilisema watoto wa Mashahidi wa Yehova wanaweza kulazimishwa kusalimu bendera. Mashahidi wakapigwa mitaani, majumba yao ya ibada yakachomwa. Miaka mitatu baadaye, katikati ya vita kuu, ikageuza uamuzi wake, na Jaji Robert Jackson akaandika kwamba hakuna ofisa, mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuwaamulia raia cha kuamini au kuwalazimisha kukikiri. Aliposema mdogo, nadhani alikuwa akimwona mtu kama yule wa dawati la mapokezi. Ofisa mkubwa anatungiwa sheria na kuandikwa magazetini. Mdogo ndiye anayekutana na sisi.

Kwa hiyo ninachowaomba ni chembamba. Semeni kwamba maneno ya sheria ya 2000 yana maana ile ile mliyoyapa katika sheria ya 1993. Mkishindwa kwa sababu ya hoja ya mkataba, basi semeni wazi tatizo ni nini, ili Kongresi ijue pa kurekebisha, badala ya kuandika tena aya ya kulaani na kuishia hapo.

Nanyi maseneta na wawakilishi, msijifiche nyuma ya majaji. Mwaka 1985 mahakama hii ilisema majimbo hayakuwa yamekubali waziwazi kudaiwa fidia chini ya sheria ya watu wenye ulemavu. Mwaka uliofuata tu Kongresi ikapitisha kifungu kinachosema kwamba jimbo likichukua fedha za serikali kuu haliwezi kujikinga na madai ya namna hiyo. Kifungu hicho kipo mpaka leo. Fanyeni hivyo hivyo hapa: andikeni kwamba jimbo linalopokea ruzuku ya magereza linakubali kudaiwa fidia kwa kuvunja dini ya mfungwa, na kwamba ofisa aliyevunja anaweza kudaiwa yeye mwenyewe. Sheria ya 2000 ililetwa Seneti na Orrin Hatch wa Republican na Ted Kennedy wa Democrat, watu ambao kwa mengine hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Msiniambie leo haiwezekani.

Kama mswada utaandikwa, uwasilisheni kabla ya uchaguzi wa Novemba 2026. Wapiga kura wanaosoma Kiswahili katika wilaya za Houston wanayajua majina yenu.

Wenu,
Mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Houston